Faili ya Pembeni

Ogari alifuta majirani zake wote siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, akiwa na haraka ya kwenda kununua mandazi kabla ziishe. Hakujua amewafuta. Yeye alidhani anafagia tu.

Asubuhi hiyo Okeyo, mwenye duka, alikuwa amepiga simu kutoka kwao Oyugis, na sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Ogari! Hiyo kompyuta ya kona imejaa mpaka inakohoa. Kesho kuna kwaya inaleta video zao. Toa takataka yote, umesikia?"

"Nimesikia, boss."

"Si kusikia. Utoe."

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja hapo Ekerenyo, kinaangalia steji ya bodaboda. Watu walikuja kupigwa picha ya kitambulisho, kuprintiwa barua, kujaziwa flash na nyimbo. Kompyuta zilikuwa tatu. Mbili za kazi, na ile ya kona, mzee wa zamani, ya vijana kuchezea gemu. Ogari alikuwa amekaa hapo miaka mitatu. Shule aliacha kidato cha pili, na haikuwa mambo ya karo. Kukaa kwa dawati kulimuwasha tu, kama sweta ya kuazima. Mpaka leo hakuwa anasoma kitu kirefu kushinda meseji, na hakuona haya kusema.

Basi akafuta. Sinema za zamani, ziende. Picha za harusi ya watu walioachana, ziende. Halafu akafungua folda ya gemu yake mwenyewe, ile ya shamba, akaona kitu kikamkera. Kila faili ilikuwa na pacha. siku001 na siku001. siku002 na siku002. Hivyo hivyo mpaka siku093. Jina moja, mkia tofauti: hii imeishia na .shamba, hii imeishia na .rsg. Ya .shamba ilikuwa nono. Ya .rsg ilikuwa kitu kidogo, punje ya chumvi.

"Hizi ni kopi," akasema.

Usimlaumu sana. Pale dukani kila kitu kilikuwa na kopi. Mtu anajaza sinema moja mara nne halafu anakuuliza mbona mashine iko polepole. Ogari akachagua zile .rsg zote tisini na tatu, akakanyaga Shift na Delete pamoja, kwa sababu hakuwa mtu wa kuweka vitu kwa pipa la kompyuta vikae vikimwangalia. Alitupa moja kwa moja, kama anayemwaga maji machafu. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika.

"Una maswali mingi," akaiambia, akakubali, akatoka mbio kwenda kwa mandazi.

Sasa, lazima uielewe hiyo gemu, ndio uelewe ni nini kilitokea aliporudi.

Gemu ilitoka ng'ambo. Ilikuwa na shamba kubwa, trekta moja, na mzungu mmoja amevaa kofia. Analima peke yake, anavuna peke yake, anaongea na ng'ombe. Jirani hakuna. Ian aliiangalia siku moja akacheka: "Huyu jamaa ameishi aje bila mtu wa kumuazima jembe?"

Ian alikuwa rafiki yake Ogari tangu wakiwa na kaptura za shule. Kwao ni Magwagwa. Yeye alimaliza shule, akasoma mambo ya kompyuta kidogo, na jioni duka likifungwa alikuwa anakuja kukaa kwa ile ya kona. Miezi saba mizima alikuwa anaishonea hiyo gemu kiraka. Vijana wanaiita modi: kitu ambacho mtu wa nje anaongeza kwa gemu, ifanye mambo ambayo mwenyewe hakuifundisha. Ian aliondoa trekta akaweka jembe. Ngano akatoa, akaweka chai na ndizi. Mzungu akampaka rangi akamwita Ogari. Na juu ya yote akaweka risaga.

Risaga ni ile kazi ya zamu ya Abagusii wa zamani. Leo majirani wote wanakuja kulima kwako, kesho mnaenda kwa yule, kesho kutwa kwa mwingine. Hakuna kulipana. Unapika tu, watu wanakula. Lakini usipoenda kwa mwenzako, siku yako ikifika utasimama na jembe yako peke yako, na hakuna mtu atakuuliza kwa nini. Kwa modi ya Ian mambo yalienda hivyo hivyo. Ukienda kulimia mtu, anakuja kwako. Na kadiri mnavyolima pamoja ndivyo anavyokuambia mambo zaidi. Kulikuwa na Nyakerario, mama mzee wa kuja na chupa ya chai kwapani. Kulikuwa na Masese, ambaye alichelewa kila siku na kila siku alikuwa na sababu mpya. Na kulikuwa na Ian mwenyewe. Sauti za wote alizirekodi Ian, amejifungia chooni na simu, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na kimya. Masese ilikuwa Ian amebana pua. Nyakerario ilikuwa Ian ameweka leso mdomoni. Ian alikuwa Ian.

Halafu Ian akapata kazi ya ulinzi Qatar, akaenda. Siku ya kuondoka, hapo steji, mkoba mgongoni, alimshika Ogari bega akamwambia maneno mawili. La kwanza, "Uwe unaenda kumwona mama." La pili, "Hiyo gemu uicheze mpaka mwisho. Siku moja kila jioni, usiruke. Ukifika siku ya mia kuna kitu nimekuwekea."

"Kitu gani?"

"Si ufike!"

Mwanzo Ian alituma sauti kila siku. Halafu kila wiki. Halafu kidole gumba. Halafu "niko job ntakucheki," na hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Alipoanza kunyamaza ndipo Ogari alianza kucheza. Mama yake Ogari alikuwa Nakuru kwa dada mkubwa wa Ogari, analea wajukuu. Ogari mwenyewe alikuwa na chumba nyuma ya duka, kitanda na jiko na kamba ya nguo. Kwa hivyo kila jioni, akishafunga, alikaa kwa kona, akawasha, na asubuhi ya gemu ikipambazuka Ian alikuwa anatokea kwenye ua, jembe begani, anasema, "Umekuja na mikono ama umekuja na mdomo?"

Kila siku maneno yale yale ya kuanzia. Halafu wakilima, mengine mapya. Siku ya themanini alikumbusha vile waliiba matunda ya mwalimu na Ogari akameza mbegu zote kuficha ushahidi. Siku ya tisini na moja alisema, "Mimi huogopa kwenda, lakini usiambie mtu." Ogari alikuwa amesimamisha gemu hapo, akaenda nje, akaangalia bodaboda zikipita mpaka macho yakakauka.

Zilibaki siku saba.

Basi Jumatano hiyo akarudi na mandazi nne kwa gazeti. Akafunga mlango nusu. Akamimina chai. Akafungua siku093.

Shamba lilikuwa pale. Chai imesimama mistari, ng'ombe kumi na nne, nyumba ya mabati aliyoijenga siku ya sitini. Jua la gemu likatoka. Ogari akauma mandazi akangoja Nyakerario na chupa yake.

Hakuna mtu.

Akamaliza mandazi ya kwanza, akaanza ya pili. Jua likapanda mpaka kivuli cha nyumba kikawa kifupi. Masese kuchelewa, sawa. Lakini wote? Halafu chini ya skrini yakatokea maneno ambayo hajawahi kuona:

"Karibu, mgeni. Hapa hakuna anayekujua bado."

Akafunga akafungua. Karibu, mgeni. Akafungua siku092. Karibu, mgeni. Siku080, ya matunda ya mwalimu. Karibu, mgeni. Alifungua kumi na tisa. Mandazi mbili zilibaki kwa gazeti, zikapoa, zikawa ngumu.

Kesho yake asubuhi Gentrix alimkuta amekaa mbele ya ile kompyuta kama mtu amekaa kwa matanga. Gentrix alikuwa binamu ya Okeyo, anatengeneza simu kwa meza ya dirishani, msichana wa maneno makali na mikono myepesi.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Kila mtu."

Akamweleza. Gentrix alisikiza huku anafungua mgongo wa simu ya mtu, halafu akaweka bisibisi chini, akavuta kiti.

"Toka hapo. Wewe nawe, unafuta vitu ukiangalia wapi?" Akaweka programu ya kutafuta vitu vilivyofutwa. Ikazunguka nusu saa. Ikaleta majina yote tisini na tatu, yamejipanga vizuri. Ndani hakuna kitu.

"Majina yako, watu hawako," Gentrix akasema. "Umejaza kitu hapa tangu jana?"

"Kwaya. Walileta video saa mbili."

"Basi kwaya imekaa juu yao." Akataka kucheka, akamwangalia uso, akaacha. Akashuka chini kwa folda. "Na hii ni nini? Imeandikwa SOMA KWANZA."

"Sijui."

"Imeandikwa soma kwanza, Ogari."

"Kwani mimi husoma?"

Gentrix akaifungua, akasoma kwa sauti, kidole kwa kioo.

"'Ogari, najua hutasoma hii, kwa hivyo anayesoma ni mtu mwingine. Habari yako.'" Akaguna. "Huyu jamaa anakujua. 'Sikiza. Gemu ina faili yake ya kukumbuka. Inakumbuka ardhi, mifugo, mvua, tarehe. Watu haiwajui, kwa sababu aliyeitengeneza hakuweka watu. Na mimi siwezi kuingiza watu ndani ya hiyo faili yake, itaharibika. Kwa hivyo kila ukisevu, modi yangu inaandika faili yake pembeni, jina lile lile. Ni ndogo, usiidharau. Ndani kuna nani ulimlimia, nani amekulimia, nani umemkosea, na mmefika wapi kwa maongezi. Ukifungua siku ya arobaini, modi inatafuta ya pembeni ya arobaini. Ikikosa, inakuhesabu mgeni. Folda ikijaa futa siku za zamani, lakini futa zote mbili pamoja. Moja bila nyingine ni bure. Na ukiharibu, na nakujua utaharibu, kuna flash nyekundu nyumbani kwa mama. Kachukue. Umsalimie.'"

Gentrix akashusha kidole mpaka chini ya barua. "Tarehe ni ya siku alisafiri?"

Ogari akaangalia. Ndiyo. Mwaka mmoja na nusu hiyo barua imekaa hapo, hatua moja kutoka kwa kidole chake, na yeye kila jioni anairuka.

"Si uende, basi," Gentrix akasema. "Magwagwa ni mbali gani?"

Haikuwa mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Bodaboda ni dakika chache tu, na tangu siku ile ya steji Ogari hakuwa amekanyaga huko hata mara moja. Mwanzo alisema ataenda wiki ijayo. Baadaye wiki zikawa nyingi mpaka kwenda kukawa na aibu kuliko kutoenda.

Alienda Ijumaa, saa kumi na moja unusu. Aliiona chai ya Mama Ian kabla hajaona nyumba. Ilikuwa imekua mpaka kifuani mwa mtu, inarukaruka juu kama nywele ya mtoto asiyenyolewa, na katikati mtu amechuma kipande kidogo, sawa na kitanda. Mama Ian mwenyewe, Kwamboka, alikuwa uani anabeba kuni haraka haraka, jua linashuka na Sabato inataka kuingia. Alikuwa amepungua. Akasimama, akamwangalia Ogari kutoka viatu mpaka kichwa.

"Umekuja na mikono ama umekuja na mdomo?"

Siku tisini na tatu Ogari alikuwa amedhani hayo maneno ni ya Ian.

"Nimekuuliza, omomura, wewe kijana."

"Nimekuja... Shikamoo mama. Nilikuwa nataka flash. Ya Ian. Nyekundu."

"Kumbe ni mdomo." Akaweka kuni chini. "Mwaka na nusu. Nilisema huyu mtoto wa watu labda amekufa, nisiulize, nisije nikaambiwa."

Ogari hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Sikuwa nimekufa, mama. Nilikuwa tu sikuji."

Yule mama akamwangalia tena, halafu akacheka kidogo puani. "Heri wewe unasema. Flash iko. Lakini hiyo ni mambo ya kazi, na Sabato ndiyo hiyo inaingia, sifungui kabati ya kazi. Kuja Jumapili asubuhi. Na kikapu kiko hapo nyuma ya mlango, utakipata."

"Kikapu cha nini?"

"Cha flash," akasema, akaingia ndani.

Jumapili alifika umande haujatoka. Mama Ian alikuwa ameshavaa gunia kiunoni. Alimpa kikapu, akamfunga karatasi ya nailoni mbele asilowe, akamwonyesha mstari. Majani mawili na kichipukizi. Ogari alianza kuchuma kama mtu anafukuzwa.

"Unachuma ama unavunja?"

"Nachuma."

"Hiyo ni kijiti. Kwa mizani watakuchagulia hiyo mbele ya watu, uone aibu. Taratibu. Acha vidole vijue."

Walishika mstari mmoja, yeye huku, mama kule. Mbali kwa kilima kile kingine watu walikuwa wanachuma na redio. Huku ni wao wawili tu na majani yakikatika, tik, tik.

"Na majirani, mama? Hawaji kukusaidia?"

"Risaga ilikufa, mwanangu. Sasa ni kulipana. Masese huyo wa hapo chini alikuwa anakuja wakati wa Ian, anachelewa lakini anakuja. Amehamia Mosocho, ameweka kiosk. Nyakerario tulimzika mwezi wa nane."

Ogari akasimama wima na majani mkononi. "Nyakerario wa chupa ya chai?"

"Wewe ulimjua wapi?"

Hakujua atamwelezaje kwamba alikuwa anakunywa naye chai kila jioni mpaka Jumanne iliyopita. "Ian aliniambia," akasema.

Wakachuma. Baada ya muda mama akasema bila kugeuka, "Anakupigia?"

"Hapana. Wewe?"

"Sabato ikiisha. Dakika mbili. Anasema, mama niko sawa. Mtu akikuambia yuko sawa kwa dakika mbili, hayuko sawa. Lakini utamuuliza nini, na simu imekatika?"

Saa sita, kwa kituo cha kununua chai, kikapu cha Ogari kilipimwa kilo kumi na moja. Cha mama kilikuwa ishirini na nne, na alikuwa amesimama kupika katikati. Karani wa mizani alichambua vijiti vya Ogari mbele ya watu, kama alivyoahidiwa. Waliporudi, mama akafungua kabati, akatoa mkebe wa kakao, na ndani, pamoja na cheti cha ubatizo na kitufe cha shati, kulikuwa na flash nyekundu.

"Nini iko ndani?" akauliza. "Ni yeye?"

Ogari alitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi. "Ni sauti yake, mama. Ya zamani. Ni ya mchezo."

"Basi utairudisha hapa hapa," akasema. "Kwa mkebe."

Duka lilikuwa limefungwa, Gentrix ako kanisani na baadaye kwa shangazi yake. Saa kumi jioni Ogari aliingia na mlango wa nyuma, akachomeka flash.

Kulikuwa na folda tatu. Ya kwanza ilikuwa na siku012, faili mbili, .shamba na .rsg, zimekaa pamoja kama sahani na kifuniko. Ian alikuwa amejaribu modi yake kwa siku kumi na mbili za gemu kabla ya kusafiri. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Ogari akafikiri kwa ujanja wa dukani. Akachukua kopi ya ile .rsg ya siku ya kumi na mbili, akaibadilisha jina ikawa siku093, akaiweka pembeni ya shamba lake. Akafungua. Watu wakaja! Nyakerario akaja, Ian akaja. Lakini walikuwa wanakumbuka shamba lingine. Nyakerario akaenda kumimina chai mahali palipokuwa na mlango wa nyumba ya zamani ya udongo, akaisimamia hapo, uso kwa ukuta wa mabati. Ian akaanza kulima katikati ya zizi, ng'ombe wakimpitia. Masese akafika amechelewa, akatembea moja kwa moja ndani ya kisima na hakutoka. Ogari akazima. Hiyo haikuwa kitu ya kuangalia.

Akafungua folda ya pili, ya sauti. ian_001, ian_002, alishuka nazo mpaka chini. Ya mwisho ilikuwa ian_096. Akatafuta mia. Akatafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa ukubwa. Hakuna mia. Hakuna hata tisini na saba.

Folda ya tatu ilikuwa na kitu kimoja, karatasi ya maandishi ya Ian ya kujikumbusha. Hii Ogari aliisoma mwenyewe, pole pole, kidole kwa kioo kama Gentrix. "Rekebisha mvua. Nyakerario aongezewe kicheko. Masese asitembee ndani ya kisima." Na chini kabisa: "97, 98, 99 bado. 100: sijui nimwambie nini huyu jamaa. Nikirudi tukae naye tumalize."

Akaisoma mara tatu. Nje mtu wa bodaboda alikuwa anabishana na abiria, na wote wawili walikuwa na kelele ya watu wanaojuana.

Kwa hivyo hivi ndivyo ilikuwa. Hata kama hangefuta kitu, siku nne zaidi na Ian angetokea kwenye ua amefunga mdomo. Hakukuwa na kitu kimewekwa. Kulikuwa na mtu alitaka kusema kitu, akakosa maneno, ndege ikamchukua.

Sasa alikuwa na mashamba mawili. Moja la siku tisini na tatu, mabati, ng'ombe kumi na nne, na hakuna anayekujua. Lingine la siku kumi na mbili, nyumba ya udongo, ng'ombe hakuna, kuku wawili. Ogari hakukaa sana. Alishika zile za siku tisini na tatu, moja moja mpaka mwisho, akafuta. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Safari hii alilisoma swali lote kabla ya kujibu.

Halafu akachukua simu. Akapiga picha mikono yake, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai ambao sabuni ilikuwa imekataa kutoa. Akaituma Qatar. Chini akaandika: "Nimetoka kwa mama yako. Kilo 11, usicheke. Nyakerario alikufa, sijui kama uliambiwa. Siku ya mia nimeona haina kitu. Hata mimi singejua niseme nini. Jumapili naenda tena." Alama moja ya kijivu ikakaa hapo, meseji bado haijamfikia. Akageuza simu kifudifudi.

Akakopi zile siku012 mbili kutoka kwa flash, akafungua. Jua la gemu likatoka juu ya nyumba ya udongo. Nyakerario akaja na chupa kwapani, mzima, akamsalimia kwa jina. Ogari alishindwa kumwangalia kidogo, halafu akamwangalia. Nyuma yake Ian akapanda kutoka mtoni, jembe begani, akasimama mlangoni mwa ua.

"Umekuja na mikono ama umekuja na mdomo?"

"Na mikono," Ogari akajibu, peke yake hapo dukani, kwa sauti.

Wakaanza kupanga mistari. Masese alikuwa bado. Kwa gemu unaweza kuanza kulima bila mtu, haikukatazi. Ogari aliweka jembe lake chini, akamngoja.